Kosa Dogo, Kifungo cha Miaka Miwili

Fikiri jambo hili, mkulima. Ni mwezi wa Machi, mvua kubwa imeanza, udongo mweusi wa pande za Rodi Kopany umelowa, na kila mwenye jembe yuko shambani. Unashuka mpaka mwisho wa shamba lako na kuona kwamba jirani amelima hatua sita ndani ya mpaka. Ua wa mnyaa, ule tunaouita ojuok kwa Kijaluo, umeng'olewa. Mahali pake yamekwisha kupandwa mahindi. Karatasi ya shamba unayo nyumbani, umeifunga ndani ya nailoni sandukuni, na jina lililoandikwa humo ni lako. Je, utafanya nini?

Wengi hufanya hivi. Huita ndugu zao wanane au kumi, hushika mapanga na rungu, huingia mle shambani kwa kelele, hung'oa mahindi na kumfukuza jirani mpaka mlangoni kwake. Kisha jua halijatua bado, mwenye karatasi ya shamba ndiye aliye katika chumba cha mahabusu, na yule aliyezila hatua sita yuko mezani akiandikisha maneno yake. Watu wakisikia habari hiyo sokoni husema polisi wamekula kitu. Huenda. Lakini yafaa ujue kwamba hata askari ambaye hajala kitu angeweza kukukamata wewe, na sheria ingekuwa upande wake.

Sheria yenyewe imo katika Kanuni ya Adhabu, Mlango wa 63 wa Sheria za Kenya, ambayo ilianza kutumika mwaka 1930 badala ya ile iliyokuwa imeletwa kutoka Uhindi. Kifungu cha 90 chasema kwamba mtu akiingia katika ardhi kwa nguvu ili aitwae, ana kosa. Nguvu hiyo si lazima iwe ya kumpiga mtu. Kutisha ni nguvu. Kuvunja mlango wa nyumba ni nguvu. Kukusanya watu wengi kuliko ilivyo kawaida ni nguvu pia. Halafu kifungu hicho chaongeza maneno ambayo kila mwenye shamba angefaa kuyajua kwa moyo: haidhuru kama mtu huyo ana haki ya kuingia katika ardhi hiyo au hana. Soma tena. Shamba laweza kuwa lako kabisa, na bado ukafungwa kwa namna ulivyoliingia.

Basi kifungo chenyewe ni cha muda gani? Ukitafuta katika kifungu cha 90 hutaona adhabu yoyote. Kimesema tu kwamba ni kosa dogo, kikanyamaza. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, wakafikiri kwamba kosa lisilo na adhabu iliyoandikwa ni la kuonywa tu na kurudishwa nyumbani. Adhabu yake iko mbali kidogo, katika kifungu cha 36. Hicho chasema kwamba kila kosa dogo ambalo halikutajiwa adhabu yake laweza kuadhibiwa kwa kifungo kisichozidi miaka miwili, au kwa faini, au kwa vyote viwili pamoja. Miaka miwili ni misimu minne ya kupanda, ya mvua kubwa na ya mvua ndogo.

Neno hili "kosa dogo" limewaponza wengi, nami naona lingefaa kupewa jina lingine. Sheria ya Kenya hugawa makosa mafungu mawili. Makosa makubwa ni yale ambayo sheria imeyaita hivyo yenyewe, au yale yanayoweza kuadhibiwa kwa kifo au kwa kifungo cha miaka mitatu na zaidi ikiwa hayakuitwa madogo. Makosa mengine yote ni madogo. Kwa hiyo mgawanyo huu hufuata jinsi sheria ilivyoandikwa, wala haufuati maumivu ya mtu. Tazama ajabu hii. Ukimwibia jirani kuku mmoja, huo ni wizi chini ya kifungu cha 275, na wizi ni kosa kubwa ambalo adhabu yake hufika miaka mitatu. Lakini ukimpiga jirani huyo huyo ukamwumiza mwili, kifungu cha 251 chaliita hilo kosa dogo, ingawa adhabu yake yafika miaka mitano! Kwa sababu hiyo usiulize kama kosa ni dogo au ni kubwa. Uliza: adhabu yake ya mwisho ni ipi?

Sasa tuyatazame yale yanayowapeleka wakulima kortini mara kwa mara, nasi tutaona kwamba karibu yote huzaliwa na mipaka, mifugo na pombe.

Ukifanya fujo kwa namna inayoweza kuvunja amani, kama vile kusimama mbele ya boma la mtu usiku ukimtukana na kumwita atoke, hilo ni kosa la kifungu cha 95, na adhabu yake haizidi miezi sita. Ukimpiga mtu kofi au kumsukuma bila kumjeruhi, kifungu cha 250, mwaka mmoja. Ukimjeruhi, miaka mitano kama nilivyosema. Watu wakipigana mahali pa watu wote, tuseme pale njia panda ya Rodi ambapo barabara ya kwenda Ndhiwa hutoka katika ile ya Rongo na Homa Bay, kila aliyeingia katika ugomvi huo ana kosa la kifungu cha 92, mwaka mmoja, na kusema "yeye alianza" hakuwezi peke yake kukuokoa. Watu watatu tu wakikusanyika kwa nia ya kufanya kosa, au wakaonekana kwa mwenendo wao kwamba watavunja amani, huo ni mkutano usio halali, mwaka mmoja. Kumbuka wale ndugu zako wanane. Kila mmoja wao ana hesabu yake mwenyewe kwa hakimu, na kijana aliyekuja kwa sababu mjomba alimwita aweza kuhukumiwa sawasawa na aliyemwita.

Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi, kama kukata mahindi yake kwa panga au kubomoa zizi lake, ni kosa dogo la kifungu cha 339, lakini adhabu yafika miaka mitano. Wala usifikiri kwamba moto ni sawa na panga. Kutia moto mazao ya mtu, yakiwa yamesimama shambani au yamekwisha kukatwa, ni kosa kubwa la kifungu cha 334, na adhabu yake yafika miaka kumi na minne. Wenye mashamba ya miwa ya Ndhiwa na Awendo walijue hilo, kwa kuwa kibiriti ni chepesi kuwashwa mtu akiwa na hasira. Vivyo hivyo mifugo: kuiba ng'ombe, mbuzi, kondoo au punda ni miaka kumi na minne, hata kama ni ndama wa juzi.

Naye jirani aliyekula hatua sita, je, yeye hana kosa? Aweza kuwa nalo. Kifungu cha 91 chamgusa mtu anayeshikilia ardhi asiyokuwa na haki nayo, dhidi ya mwenye haki, kwa namna inayoweza kuleta uvunjaji wa amani. Adhabu yake ni ile ile ya kifungu cha 36. Tena kung'oa alama ya mpaka wa shamba lililoandikishwa bila ruhusa ya Msajili wa Ardhi ni kosa peke yake katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Angalia basi jinsi mambo yanavyopinduka. Asubuhi ile ulipoona ua umeng'olewa, mwenye kosa alikuwa mmoja, naye alikuwa jirani yako. Jioni mlikuwa kumi na wenye makosa, na jirani ndiye shahidi.

Siku ya kukamatwa

Ikiwa mambo yamekwisha kuharibika na askari wamekuchukua, siku hiyo ya kwanza ni ya maana kuliko zote. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema uambiwe mara moja, kwa lugha unayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwako. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuzungumza na wakili na mtu mwingine yeyote unayemhitaji. Lazima ufikishwe kortini kabla ya saa ishirini na nne kupita. Zikimalizika wakati korti imefungwa, kama siku ya Jumapili, basi ufikishwe siku ya kazi inayofuata.

Katika kifungu hicho hicho kuna maneno mafupi ambayo mwenye kosa dogo hasa hana budi kuyajua. Mtu hawezi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa hiyo aliyeshtakiwa kufanya fujo chini ya kifungu cha 95, na hana shtaka lingine, hafai kungoja kesi yake akiwa gerezani Homa Bay huku magugu yakimeza mahindi yake. Akiona anapelekwa huko, na amwambie hakimu kwa heshima kwamba Katiba haimruhusu. Kwa makosa yaliyo juu ya hayo pia dhamana ni haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kuikataa.

Bondi ya polisi ni ahadi ya kuandika kwamba utafika siku fulani, nayo hailipiwi hata senti. Dhamana ya fedha ni jambo lingine: hiyo hulipwa, lakini fedha ni zako na hurudishwa ukifika kortini kama ulivyoahidi. Dai risiti. Mtu akikuambia kwamba bondi ina bei yake, au akitaka umpe faini mkononi kabla hujamwona hakimu, ujue kwamba hiyo si faini.

Jambo hilo lanikumbusha desturi nyingine. Wako wazee wanaoamini mpaka leo kwamba chifu aweza kumtoza mtu faini barazani. Imani hiyo ina mzizi wake. Tangu sheria ya mwaka 1951 Wilaya ya Nyanza Kusini ilikuwa na korti za Waafrika zilizokuwa karibu na watawala, zikitoza faini na kufunga. Sheria ya Korti za Mahakimu ya mwaka 1967 iliziondoa korti hizo. Chifu wa leo aweza kuwapatanisha, aweza kuwapeleka kwa polisi, lakini yeye si korti. Faini hutozwa na hakimu, na risiti yake ni ya serikali. Viboko navyo viliondolewa katika adhabu za korti mwaka 2003.

Neno "ni kweli"

Sasa umesimama mbele ya hakimu, tuseme Homa Bay au Ndhiwa. Karani amesoma shtaka, nawe waulizwa: ni kweli ama si kweli? Hapa wakulima wengi hupotea kwa sababu ya adabu na haraka. Mtu amelala kituoni, nguo zake zina tope, ng'ombe hawajakamuliwa, na mwenzake wa mahabusu amemnong'oneza kwamba ukikubali utatozwa faini ndogo uende nyumbani. Basi asema "ni kweli", akiwa na maana kwamba ni kweli alikuwako siku ile. Korti haichukui maana hiyo. Huchukua kwamba amekubali kosa lote.

Kumbe sheria inataka mambo yaende polepole. Mwaka 1973 Korti ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi iitwayo Adan, ilieleza vizuri sana namna hakimu anavyopaswa kupokea ukiri. Shtaka lisomwe kwa lugha ya mshtakiwa au anayoifahamu. Maneno ya mshtakiwa yaandikwe kama alivyoyasema. Kisha mwendesha mashtaka aeleze habari jinsi ilivyokuwa, na mshtakiwa aulizwe kama anakubali au ana la kusema juu ya habari hizo. Akisema neno linaloonyesha kwamba hakubali, hakimu aandike kwamba amekana, na kesi isikilizwe kwa mashahidi. Mahakama za Kenya hufuata maelezo hayo mpaka leo.

Kwa hiyo usione haya kusema kwamba hukuelewa. Ikiwa Kiswahili cha kortini ni kigumu kwako, omba mkalimani wa Kijaluo, au Kikisii, au Kikuria. Katiba yasema humlipi. Zile habari zinaposomwa, sikiliza kama mtu anayehesabu magunia yake mbele ya mnunuzi. Zikisema ulikuwa na panga na hukuwa nalo, sema hapo hapo. Ukiisha kukiri na kuhukumiwa, mlango unakuwa mwembamba: huwezi kukata rufani kuhusu hatia yenyewe, ila juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Na kumbuka kwamba hatia huandikwa. Mwanao, ikiwa naye alikuwa katika lile kundi la watu wanane, siku moja ataomba hati ya polisi ya tabia njema ili apate kazi, na jambo hilo litakuwa likimngojea.

Kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 176, yamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika kesi ya kumpiga mtu kwa kawaida, au kosa jingine la watu wawili wenyewe ambalo si kubwa wala halikuzidi ubaya. Mwafikiane fidia au sharti jingine, hakimu akubali, na kesi yaweza kwisha hapo. Kwa majirani watakaochota maji kisima kimoja kwa miaka thelathini ijayo, sijaona hukumu iliyo bora kuliko hiyo. Lakini mapatano yafanyike na yaletwe mbele ya korti. Ukipatana na mlalamikaji nyuma ya duka halafu usifike siku ya kesi, hakimu atatoa amri ukamatwe.

Ukipatikana na hatia

Ile adhabu iliyoandikwa katika kifungu ni mpaka wa juu. Hakimu aweza kukupa pungufu ya hapo, na penye kifungo aweza kutoza faini badala yake, au vyote viwili, isipokuwa sheria yenyewe imetaja adhabu ya chini. Pale ambapo sheria haikutaja kiasi cha faini, kiasi hakina mpaka ila kisiwe cha kupita kiasi. Ndiyo maana inafaa useme habari zako unapoulizwa kama una neno kabla ya adhabu: ukubwa wa shamba lako, watoto uliowalea, kwamba hujafungwa kabla, kwamba uko tayari kulipa mahindi yaliyong'olewa. Wengi hukaa kimya hapo, au husema "nasamehewa" basi. Hakimu hawezi kukisia kwamba mnaishi watu saba kwa ekari tatu.

Faini isipolipwa hugeuka kifungo, na kuna kipimo chake katika kifungu cha 28. Faini isiyozidi shilingi 500, kifungo kisichozidi siku kumi na nne. Zaidi ya 500 mpaka 2,500, mwezi mmoja. Zaidi ya 2,500 mpaka 15,000, miezi mitatu. Zaidi ya 15,000 mpaka 50,000, miezi sita. Zaidi ya hapo, mwaka mmoja.

Tia hesabu hiyo katika kalenda ya shamba. Umetozwa shilingi 10,000 mwezi wa Machi, na nyumbani hakuna. Miezi mitatu itakuondoa shambani mpaka Juni. Anayefungwa zaidi ya mwezi mmoja aweza kupunguziwa theluthi moja kwa kazi na mwenendo mwema, kwa hiyo huenda ikawa miwili; lakini ni miwili ile ile ya kupalilia. Msimu wote umekwenda kwa fedha ambazo dume moja la ng'ombe lingelipa, na bado zikabaki. Kwa sababu hiyo usikae gerezani kwa kiburi. Siku faini itakapolipwa, mlango hufunguliwa siku hiyo hata kama muda haujaisha, na nduguzo wakileta sehemu tu ya fedha, siku zako hupunguzwa kwa kadiri ya kilicholipwa. Waweza pia kumwomba hakimu akupe muda wa kulipa. Kuomba si kosa.

Tena jela si njia pekee. Tangu Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, mtu mwenye kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au ambaye hakimu ameona anastahili miaka mitatu au pungufu, aweza kupewa kazi ya umma bila malipo mahali pa kifungo. Hutengeneza barabara, hupanda miti, husafisha shule au zahanati, hulinda vyanzo vya maji, kisha jioni hurudi kwake. Kabla ya kutoa amri hiyo korti huomba ripoti ya ofisa, ambaye atakuja kukuuliza habari zako na za nyumbani kwako. Mwambie kweli, mpe jina la mzee wa kijiji na la mwalimu. Ukiacha kazi hiyo katikati waweza kurudishwa kortini na kufungwa.

Iko pia amri ya uangalizi, ambayo huwa kati ya miezi sita na miaka mitatu, na wewe waendelea na kilimo chako huku ofisa akikuangalia. Na pale ambapo hakimu ameona haifai kuadhibu, kifungu cha 35 chamwezesha kumwachilia mtu, ama kabisa, ama kwa sharti kwamba asifanye kosa kwa muda usiozidi miezi kumi na miwili. Korti yaweza pia kukuamuru umlipe fidia uliyemwumiza au kumharibia.

Nawe ukiona umehukumiwa vibaya, rufani kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu, nayo ikaa Homa Bay na Migori pia. Muda wake ni siku kumi na nne tangu siku ya hukumu au adhabu. Siku kumi na nne ni chache. Zinaanza kuhesabika siku ile ile unapolia, wala hazingoji uuze mbuzi. Aliye gerezani aweza kutoa rufani yake kwa mkono wa wakuu wa gereza. Asiyekuwa na uwezo wa wakili aulize habari za msaada wa sheria wa serikali uliowekwa na sheria ya mwaka 2016.

Hatua sita

Turudi kule kwenye mpaka, asubuhi ile ile, kabla hujaita mtu yeyote. Usiguse mahindi ya jirani. Tazama mahali ua ulipokuwa. Mashina ya mnyaa hayafi upesi, na mengine yatakuwa bado ardhini. Waite wazee wawili waone, na ikiwa una simu yenye kamera piga picha huku jiwe la mpaka au mti mkubwa ukionekana. Nenda ukaandikishe kituoni katika kile kitabu cha OB, na uombe nambari.

Kisha uende kwa Msajili wa Ardhi. Watu hupenda kukimbilia kwa hakimu kwanza, lakini sheria ya mwaka 2012, kifungu cha 18, yasema korti haitasikiliza shauri la mpaka wa shamba lililoandikishwa ikiwa Msajili hajaamua kwanza mpaka uko wapi. Ataandikia pande zote mbili siku ya kuja, naye huja na mpima ardhi. Siku hiyo jirani yako aitwe na awepo, hata kama hamsemezani, kwa sababu mpaka uliopimwa bila yeye utaletwa upya mwaka ujao. Chukua karatasi ya shamba, nakala ya ramani, na wale wazee wawili. Wakati wapima wanapita na kamba, wewe na watu wako simameni upande wenu, na mapanga yabaki nyumbani.

Yale mahindi ya jirani huenda yakakomaa yakiwa katika udongo wako kabla shauri halijakwisha. Utayatazama kila asubuhi, na itakuchoma. Msimu mmoja wa hatua sita ni kama debe mbili au tatu.